Daraja la Tatu, Kwenda na Kurudi

Mwanangu Deo,

Sikuulizi kama hujambo, kwa sababu nakusikia hapo nyuma ya nyumba ukicheka na baba yako mdogo Anselmi, na mtu anayecheka hivyo hana homa. Mimi niko jikoni. Maharage yako ya njiani yanachemka, jua bado liko juu, na kalamu ninayoandikia ni ile yako uliyoitafuna mwisho. Usinicheke mwandiko. Herufi hizi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, pale ukutani kwa kanisa, nikitoka shambani macho yanafunga yenyewe, na mwalimu anapiga ubao kwa fimbo kama anafukuza ng'ombe.

Barua hii naiweka ndani ya mfuko wa chakula, chini ya mahindi ya kukaanga. Najua utaufungua kabla ya kufika Laela, maana tumbo lako nalijua kuliko unavyolijua wewe. Na treni huikuti mpaka Tunduma. Kwa hiyo utakuwa umesoma kabla hujasimama mbele ya dirisha la tiketi, na hapo dirishani ndipo ninapotaka maneno yangu yawe nawe. Mambo ya sweta na ya kuchemsha maji sikuandikii, hayo nimeshayasema mpaka umeyachoka.

Utauliza kwa nini sikusema kwa mdomo. Nilijaribu jana, si unakumbuka? Ulikuwa umekaa hapo kizingitini unapaka viatu mafuta ya taa na masizi, ukaniambia, "Mama, baba ameandika mwenyewe. Nikate ya kwenda tu, ya kurudi atanikatia yeye."

Nikasema, "Aha."

"Halafu nikate daraja la pili. Ndiko atakakonisubiri."

Nikasema "Aha" nyingine, nikachukua ndoo nikaenda kisimani, na mtungi ulikuwa umejaa mpaka shingoni. Basi haya ninayoandika ni yale yaliyokuwa ndani ya hizo aha mbili. Ningeyasema kwa mdomo ningelia au ningetukana, na wewe ungesema, "Mama umeanza."

Kwanza nikwambie kuhusu fedha uliyoifunga kiunoni, ili usije ukadhani mama yako amekosea hesabu. Inatosha daraja la tatu, kwenda na kurudi, na mabasi ya mjini kwa siku zako chache, na chai. Daraja la pili inatosha kwenda tu. Vyote viwili haviwezekani, hata ungeikamua hiyo fedha kama nguo. Kwa hiyo pale dirishani utachagua, na mimi sitakuwepo.

Anselmi amekwambia daraja la tatu ni la watu wa mizigo na vifaranga. Nimemsikia, ukuta wetu ni mwembamba. "Utamtia aibu kaka," anakwambia. Anselmi huyu! Mtu ambaye mwisho wa safari zake duniani ni Mbeya, tena alikwenda kung'olewa jino, akarudi akiwa ameziba mdomo kwa leso, na kwa miaka yote hii anatusimulia Mbeya kana kwamba aliijenga. Dar es Salaam anaisikia redioni kwa jirani, na redio yenyewe betri zake zinaanikwa juani. Ukitaka kujua njia ya kwenda kuonja maharage ya wenzako, Anselmi anaijua hata gizani. Tiketi ya treni hajawahi kuishika.

Mimi nimeishika. Nilipanda daraja la tatu wakati treni bado ni mpya inanuka rangi. Ukiwaona hao wa daraja la pili wanavyopanda, shingo zimenyooka kama kuku anayemeza maji! Wana vitanda, sikatai. Wamelipia usingizi. Mimi usingizi ninao wangu, naupata bure hata juu ya gunia. Huku kwetu tulikaa tumebanana, nikampa mama mmoja wa Chimala dagaa wangu wa Wampembe, naye akanipa mchele wa baridi kwenye jani la mgomba, tukazungumza njia nzima. Kichwa cha treni kilikuwa kimoja. Tuliposhuka Dar es Salaam niliangalia kwa makini, mwanangu, na sikumwona hata mtu mmoja wa daraja la pili aliyekuwa amefika jana yake.

Hujawahi kuniuliza nilikwenda kufanya nini huko. Ulikuwa umeanza kung'oka meno, ukabaki na bibi yako, na niliporudi ulinificha uso siku nzima kwa kununa. Nilikwenda kumchukua baba yako. Bibi yako, mama yake mzazi, ndiye aliyenituma. Alinifungia ulezi na njugu akasema, "Nenda kanichukulie mwanangu, mwambie mama yake anazeeka."

Nikurudishe nyuma kidogo. Baba yako aliondoka ukiwa unatambaa. Aliondoka wakati kama huu, mvua za kulimia ntumba, yale matuta yetu ya majani, majani mabichi, kila mtu yuko shambani anakusanya majani na kuyafunika udongo kabla hayajakauka. Yeye alikusanya majani yake mafungu kwa mafungu, kazi nzuri tu, mkono wake ulikuwa mzuri. Halafu akaacha. Akasema anakwenda mjini kwa muda mfupi, kuangalia-angalia. Maharage tuliyouza yalitosha nauli ya basi ya kwenda na ya kurudi. Akakata ya kwenda tu. "Ya kurudi nitaikata hukohuko, kwa nini nitembee na karatasi?" Na kilichobaki, unajua alikipeleka wapi? Alikwenda nacho Majengo, pale Sumbawanga, akanunua viatu vyenye ncha kama mdomo wa kunguru. Akaja kuniaga akiwa amevivaa. Mvua imenyesha, matope mpaka kwenye fundo la mguu, na baba yako anatembea juu ya nyasi kama mtu anayekanyaga mayai.

Nikacheka, Deo. Nilimpenda, nikaona ni kichekesho. Sikujua kwamba niliyekuwa nikimcheka ni mtu aliyevaa nauli yake ya kurudi miguuni.

Yale majani yake yalikauka pale shambani. Tukahamishwa kuja huku barabarani kwenye kijiji, nikabomoa nyumba na kuijenga tena, mimi na bibi yako na mikono ya majirani, na baba yako akaandika barua kuuliza kama ule mti wa nyuma ya nyumba bado unazaa. Nyumba gani? Akaandika kwamba sasa ni karani wa bohari. Bibi yako akaitembeza barua hiyo kijiji kizima mpaka mikunjo ikatoboka.

Basi nikaenda. Nilikata tiketi ya daraja la tatu, kwenda na kurudi, na hapo nilikuwa na akili kuliko baba yako. Akili ikaniishia nilipofika.

Nilishuka na mzigo wangu kichwani, namtafuta. Watu wa daraja la tatu tunatoka kama maji, sukuma nikusukume. Simwoni. Nikasogea, nikamwona amesimama mbele ya mabehewa ya daraja la pili, shati jeupe, anaangalia kila mwanamke anayeshuka huko. Nilikwenda hadi mbele yake, nikatua mzigo, nikapiga magoti nikapiga makofi polepole kumsalimu, kama mke anavyomsalimu mume kwetu. Ningefanya nini kingine? Ni mume wangu, sijamwona miaka.

Akaniambia kwa meno, "Inuka. Inuka, watu wanaona."

"Wanaona nini, baba Deo?"

"Kwa nini umetokea kule? Nimewaambia wenzangu unakuja na la pili."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza. Mama yake hajamwulizia, wewe hajakuulizia. Kwanza alitaka kujua nimetokea mlango gani. Wenzake walikuwa wawili, wamesimama pembeni, na walinipokea mzigo vizuri sana, watoto wa watu, wakaniamkia shikamoo. Mwenye aibu pale alikuwa mmoja tu, na aibu yenyewe alikuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani kwake.

Akaita teksi. Mimi nikaona mabasi yanapita, watu wanapanda, nikasema tupande hayo. "Mgeni wangu hapandi basi," akasema, wenzake wasikie. Tulipofika akapapasa mifuko huku na huku, akanigeukia, "Hebu nisaidie, zangu ziko ndani." Nikafungua pindo la kanga. Ndani ya chumba chenyewe hamkuwa na kitu isipokuwa kitanda na vile viatu. Alikuwa ameviweka juu ya boksi, vimepasuka pembeni, vimepakwa dawa ya viatu.

Sasa sikiliza habari ya mabasi ya mjini, maana na wewe utayapanda, na huyo mtu atakupa ushauri uleule. Kesho yake akaniambia, "Mke wangu, usihangaike kukata tiketi kila ukipanda. Kuna pasi ya mwezi. Mtu mwenye pasi anapanda mara atakazo. Ni nafuu mno."

Nikamwambia, "Mimi ni mtu wa siku chache."

"Ndiyo maana huelewi mambo ya mjini. Gawanya kwa siku thelathini uone kila siku inatoka ngapi!"

Hesabu yake ilikuwa sawa. Ukigawa kwa siku thelathini ilikuwa kama bure. Lakini mimi sikuwa na siku thelathini, Deo, nilikuwa na mtoto Ufipa ambaye meno yanamng'oka. Nikakubali, kwa sababu neno nafuu ni tamu masikioni mwa mtu maskini, na kwa sababu nilitaka kuonekana nimeelewa. Nikatoa fedha, akaenda kuinunua, akairudisha akaiweka kwenye mfuko wa shati lake. "Wewe utaipoteza," akasema. Na kuanzia hapo alipanda mabasi ya mji wote kwa pasi yangu, mimi nikakaa chumbani nachambua mchele wa mwenye nyumba.

Usije ukanunua kitu cha mwezi kwa ajili ya siku chache hata ukiambiwa ni nafuu. Nafuu ya mtu anayekaa ni hasara ya mtu anayerudi. Kata tiketi moja kwa safari moja. Konda akikwambia nauli, angalia mama mtu mzima aliyekaa karibu, mwulize, "Shikamoo mama, hapa mpaka pale ni ngapi?" Konda anaweza kuona viatu vyako vina udongo mwekundu akaongeza kidogo ya kwake, lakini yule mama atasema nauli yenyewe, tena kwa sauti. Tiketi usiitupe mpaka umeshuka. Vijana wa huko wanaitupa dirishani kuonyesha wamezoea, halafu mkaguzi akipanda wanaanza kusoma mabango barabarani kama hawajamwona. Na penye mguu kufika, nenda kwa mguu. Wewe umezaliwa huku, unatembea kutoka Sumbawanga mpaka kwetu hujahema. Watu wa pale wanasubiri basi jua liwachome saa nzima ili wapelekwe mahali wanapopaona kwa macho.

Siku moja nilipika ugali wa ulezi aliotumiwa na mama yake nikasema nimpelekee kazini, karani wa bohari ale chakula cha kwao. Nikakata tiketi yangu mwenyewe, tiketi moja, pasi anayo yeye. Niliuliza njia mpaka nikafika. Nikasimama ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na lori, na watu wanashusha magunia ya sukari mgongoni, mstari mrefu, na wa tatu katika mstari alikuwa baba yako.

Sikumwita. Nilikaa chini ya ukuta nikamwangalia anakwenda na kurudi. Alikuwa amevua lile shati jeupe, amelikunja vizuri juu ya jiwe. Alikuwa anabeba vizuri, mkono wake ulikuwa mzuri bado. Kisha nikarudi na ule ugali, nikaula mwenyewe, na mpaka leo hajui kwamba nilimwona.

Mwanangu, kubeba magunia hakuna ubaya wowote. Babu yako mzaa mama alibeba samaki wakavu kutoka Wampembe akipanda mlima mpaka huku juu, na akifika anaimba. Tungejua baba yako anabeba magunia, bibi yako angeitembeza barua hiyo vilevile kijiji kizima. Lakini mtu anaita gunia kalamu, halafu anakosa kurudi kwao kwa sababu watauliza kalamu iko wapi! Mambo gani hayo? Alituacha na jembe miaka yote ili asionekane amechafuka shati. Mwizi ana sababu ya kujificha. Huyu alijificha kwa ajili ya shati!

Hata hivyo mimi ndiye niliyefanya ujinga uliofuata. Baada ya kumwona vile nilisikia huruma. Nikasema moyoni, nikingoja kidogo atachoka mwenyewe, atarudi na mimi. Yeye naye aliponiona nimelainika akaanza: "Subiri mwisho wa juma." Mwisho wa juma ukifika, "Subiri bosi arudi safari." Nami kila jioni nagusa pindo la kanga, tiketi yangu ya kurudi ipo, nimeifunga mafundo mawili, nasema, haidhuru, nimeshailipia, ni yangu.

Unajua sisi tunavyoweka ulezi. Unauweka kihengeni mwaka huu, mwaka ujao ukijaliwa mahindi huugusi, mwaka wa tatu ukifungua ulezi ni uleule, hakuna mdudu anayeutaka. Nimekua nikijua kwamba kitu kidogo kikavu kilichofungwa vizuri hakiharibiki. Na tiketi ni kitu gani? Ni kitu kidogo, kikavu, nimekifunga vizuri.

Siku niliyokata shauri, nilikwenda stesheni na mzigo wangu. Karani wa tiketi akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama, hii imekufa."

"Imekufa vipi? Sijaitumia hata mara moja."

"Ina siku zake. Zimepita."

"Baba, angalia, haina hata mkunjo."

Watu nyuma yangu wakacheka. Nikatoka kwenye foleni. Karani hakuwa mbaya, alinionyesha mahali palipoandikwa, na wakati ule kwangu ilikuwa kama kuonyeshwa nyayo za mchwa. Ndiyo siku niliyoapa nitakwenda kisomo. Watu husema nilikwenda ili nisome Biblia. Nilikwenda ili nisome tiketi.

Nikamrudia baba yako nikamweleza. Unajua alifanya nini? Alicheka. Alijitupa kitandani akacheka, akasema, "Basi Mungu amepanga. Kaa." Nikamwambia, mtoto je? "Mtoto ana bibi." Nikamwambia, nikatie tiketi ya kurudi, mume wangu. Akaangalia ukuta. "Mwisho wa mwezi," akasema. Deo, hiyo tiketi atakayokukatia wewe ndiyo ileile aliyoniahidi mimi. Bado iko njiani.

Alipolala mchana ule nilitoa ile pasi kwenye mfuko wa shati jeupe. Nililipia mimi. Nikatoka na mzigo wangu, nikapanda basi kwa pasi mpaka sokoni, kwa sababu nilijua magari ya wafanyabiashara wa Majengo huja kupakia bidhaa kule. Nilizunguka nikiwa karibu kulia, mpaka nikasikia mwanamke anamgombeza utingo, "Turubai unalifunga hivyo, ukifika Tunduma sabuni zote zimekuwa uji!" Nikajua huyo ametoka kwetu. Alikuwa Bi Zuhura, ambaye duka la mume wake unalijua. Nikamweleza yote, pale kati ya magunia ya chumvi.

Akanitazama akapiga kofi. "Wewe Mfipa wewe! Umeiweka tiketi kama ulezi!"

Nikacheka, na machozi yakanitoka. Akaniambia, "Panda, mwenzangu. Utanipa maharage Mungu akijalia. Na huyo bwana wako mwache hapohapo, lori hili halibebi vitu vilivyoharibika." Nilisafiri juu ya chumvi, nikala mvua mbili na vumbi lisilo na hesabu, na nakwambia safari ile ilikuwa tamu kuliko daraja lolote. Ndiyo maana Bi Zuhura akikutuma kitu hunioni nikiuliza atakulipa nini.

Nilipofika, bibi yako alikuwa amesimama uani. Alitazama nyuma yangu, barabarani, kuona kama kuna mtu anafuata. Kisha akaingia ndani kunipashia maji ya kuoga.

Ile pasi unaikumbuka, Deo. Ni kile kikaratasi kigumu cha kijani ulichokuwa unachezea utotoni, unawapanga wenzako juu ya mabua ya mahindi, wewe konda, unapiga kelele, "Tiketi! Tiketi! Asiye na tiketi ashuke!" Nilikuwa nafua, nakusikia, sijui nicheke au nilie.

Sasa sikukatazi kwenda. Ungetaka kuniuliza kama nakukataza, hapana. Unataka kumwona uso, na uso ni wake, wewe umeuazima tu, nenda ukauone. Msalimie. Mpe ulezi niliokufungia, ni wa shamba la mama yake. Akikwambia yeye ni karani, mwitikie. Akikupeleka mahali kwa teksi, shuka ulipe ukitaka, ni baba yako. Usimdharau. Dharau niachie mimi, ninayo ya kututosha wote wawili, na mimi nimeilipia nauli.

Ila usimwachie akukatie safari ya kurudi. Hatakuwa na nia mbaya. Atasema mwisho wa juma, na atakuwa anaamini anavyosema. Ataanza kukuonyesha bahari, atakutafutia kibarua cha siku mbili tatu, atakwambia ukigawanya kwa siku thelathini utaona ni bure. Na wewe una moyo kama wangu, mtu akionekana mnyonge unalainika. Utakaa umngoje achoke. Mimi najua jinsi kungoja kule kulivyo kutamu.

Tena siku hizi wanasaka wazururaji mjini, wanauliza kila kijana anafanya nini pale. Barua uliyopewa na balozi wetu wa nyumba kumi itasema umetoka wapi. Lakini ni tiketi tu itakayosema unakwenda wapi.

Basi ukifika dirishani simama wima, sema kwa sauti hata walio nyuma wasikie: "Daraja la tatu, kwenda na kurudi." Wakicheka, wacheke. Soma palipoandikwa siku zake, kwa sababu wewe kusoma hukuomba, nilikupeleka. Na ukishuka mjini, toka kwa mlango wako wa daraja la tatu, na mzigo wako wa ulezi, umwendee pale aliposimama mbele ya la pili. Mwamkie. Kama ataona aibu, mpe nafasi aione mpaka imwishe.

Maharage yameiva. Anselmi ameshaingia na kijiko, nimemwambia haya ni ya msafiri, akasema anaangalia chumvi tu.

Nimalizie. Leo asubuhi nilipita shambani. Mstari wako wa ntumba umeuacha katikati. Mafungu uliyoyafunika umeyafunika vizuri, mkono wako ni mzuri kama wa mtu mwingine ninayemjua. Huko mbele majani umeyalundika tu, mabichi, udongo hujayavutia. Mimi nitamaliza mistari yangu. Wako sitaugusa, na Anselmi nimemkataza, ingawa yeye huhitaji kumkataza kazi. Mvua ikiendelea hivi, yale majani yatangoja siku zilezile zilizoandikwa kwenye tiketi ya kurudi, hayatazidi. Ukija, yatakuwa bado yana ubichi chini. Usipokuja yatakauka palepale, na watu wanaopita barabarani watayaona, kama walivyoyaona mengine.

Jembe lako sikulirudisha nyumbani. Nimeliegemeza kwenye fungu la mwisho ulilolifunika, mpini umeelekea barabarani, upande ambao basi linakuja.

Ni mimi mama yako,
Leokadia